NANI KAKOSEA, MTU AU KITUFE? Maisha ya Henry Dreyfuss

Leo sina siasa wala mpira. Nimeona niwaletee maisha ya jamaa mmoja aliyefariki zamani sana, kabla wengi wetu hatujazaliwa, lakini nikimfikiria naona kama alikuwa anatupigania sisi tunaohangaika na mashine kila siku. Ila kwanza niwape kisa kilichonifanya nimtafute.

Baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, nilishika kaunta kwenye kafe moja ya intaneti. Kazi yangu ilikuwa kuwafungulia watu muda, kuchapa barua za kuomba kazi na kuwasaidia wageni wa kompyuta. Siku moja akaingia mzee mmoja, umri wa babu yangu kabisa, kavaa koti na jua lote lile. Anataka kumjazia binti yake fomu ya kuomba chuo. Mwisho wa kupokea fomu ilikuwa siku hiyohiyo saa 10 jioni.

Nikamkalisha, nikamfungulia ukurasa, nikarudi kaunta. Mzee akaanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja. Saa nzima anadonoa. Alipofika chini kabisa kulikuwa na vitufe viwili vimekaa bega kwa bega, vyote vya kijivu, vyote saizi moja. Kimoja cha kutuma, kingine cha kufuta. Mzee akabonyeza cha kufuta. Ukurasa haukumuuliza kama ana uhakika wala nini, ulisafisha kila kitu ukabaki mweupe.

Vijana waliokaa jirani wakacheka. Mimi nikamwambia mzee amekosea, inabidi aanze upya. Mtandao nao ukaanza kusuasua, saa 10 ikapita. Kilichoniuma baadaye ni kwamba yule mzee aliniomba radhi MIMI. Akalipa hela ya saa nzima, nami nikaipokea, akaondoka na koti lake. Hakurudi tena.

Nilikaa na swali lile kichwani muda mrefu. Hivi kweli mzee ndiye aliyekosea? Katika kutafutatafuta nikakutana na jina la Henry Dreyfuss.

KIJANA WA JUKWAANI

Dreyfuss alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 2 Machi 1904. Ukoo wao ulikuwa kwenye biashara ya vifaa na mavazi ya michezo ya kuigiza, kwa hiyo mambo ya jukwaa aliyakuta nyumbani. Alisoma katika shule ya Ethical Culture hapohapo New York, akaimaliza, halafu akaenda kujifunza kazi kwa Norman Bel Geddes, fundi mashuhuri wa kupamba majukwaa. Akiwa bado kijana mdogo alikuwa tayari anatengeneza mandhari za jukwaa za maonyesho mengi.

Msishangae mtu wa maigizo kuja kuwa baba wa simu na matrekta. Jukwaani unajifunza kitu kimoja muhimu: kazi yako inapimwa na mtu aliyekaa kule chini gizani. Kama yeye haoni au haelewi, huwezi kumlaumu kwa kukaa vibaya. Inabidi wewe ubadilishe taa.

Kuna kisa kimoja cha ujana wake alichokuja kukisimulia mwenyewe, na kwangu hiki ndicho bora kuliko vyote. Kampuni ya RKO, iliyokuwa na majumba mengi ya sinema, ilikuwa na jumba jipya la kifahari mji wa Sioux City, jimbo la Iowa. Jumba limejengwa kwa hela nyingi lakini watu hawaingii. Wanapita mlangoni wanakwenda kwenye jumba jingine la hivihivi tu. Dreyfuss akatumwa akaangalie kuna nini.

Wakashusha bei. Wapi. Wakaonyesha picha tatu kwa kiingilio kimoja. Wapi. Wakagawa na chakula cha bure, bado watu hawaji! Mwishowe Dreyfuss akaacha kubuni mbinu, akaenda kusimama pale mlangoni siku 3, anasikiliza tu watu wanaongea nini. Ndipo akasikia. Wateja wa mji ule walikuwa wakulima na vibarua. Wakichungulia ndani wanaona zulia zito la bei mbaya, wakiangalia viatu vyao vina tope, basi wanaona aibu kulichafua. Dreyfuss akaamuru zulia ling'olewe, likawekwa tandiko la kawaida la mpira. Watu wakaanza kuingia.

Wadau, hapo nilisimama nikasoma tena. Filamu haikuwa mbaya, bei haikuwa kubwa, na watu hawakuwa washamba. Tatizo lilikuwa chini ya miguu yao na hakuna aliyewauliza. Tangu hapo naona Dreyfuss maisha yake yote alikuwa anarudia jambo hilohilo: nenda kasimame mlangoni, sikiliza.

ALIKATAA HELA

Mwaka 1929 akafungua ofisi yake mwenyewe New York ya kubuni bidhaa. Wakati ule hiyo ilikuwa kazi mpya. Viwanda vilikuwa vinatengeneza kitu kwanza, halafu wanaitwa wasanii wakipake urembo juu. Dreyfuss hakukubaliana na utaratibu huo. Duka kubwa la Macy's lilimpa kazi ya kuziboresha bidhaa zake, akakataa, kwa sababu aliona huwezi kurekebisha kitu kikishafika dukani. Lazima uanzie kiwandani, na mafundi wenyewe.

Halafu ikaja Bell, kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Iliwaalika wasanii 10 wachore simu ya siku zijazo, kwa malipo ya dola 1,000. Hebu fikiria, kijana wa miaka 25, ofisi ndo kwanza imefunguliwa, halafu dola 1,000 za mwaka 1929! Dreyfuss akakataa tena. Alisema simu haiwezi kuchorwa na mtu aliyekaa peke yake mbali na wahandisi. Inabidi ianzie ndani kuja nje. Bell wakaendelea na wasanii wao, michoro ikaja, haikuwafaa. Wakamrudia. Wakafanya naye kazi kwa namna aliyotaka yeye, na urafiki huo ulidumu mpaka mwisho wa maisha yake.

Kutoka hapo zikapatikana simu mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni Model 302 ya mwaka 1937. Ya pili ni Model 500 ya mwaka 1949, ile simu ya mezani ya kuzungusha ambayo ukiangalia sinema za zamani za Kimarekani lazima uione. Zilitengenezwa makumi ya mamilioni. Mkono wake ulibuniwa uwe bapa kwa nyuma ili usiteleze mtu akiubana kati ya sikio na bega huku mikono yake inafanya kazi nyingine. Mtu aliyeagiza hivyo hakuwa anafikiria urembo. Alikuwa anamwona mama jikoni, anamwona karani anaandika.

Kwenye Model 500 kuna kisa kingine kidogo. Namba na herufi zilihamishwa zikawekwa nje ya duara la kuzungushia, ili vidole visizifunike. Wazo zuri, si ndiyo? Lakini walipojaribu, watu wakawa wanapiga simu polepole kuliko zamani! Aliyelitatua ni John Karlin, mtafiti wa Bell aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini. Karlin akagundua kwamba tundu likiwa tupu, jicho linakosa pa kulenga. Likawekwa doa dogo jeupe ndani ya kila tundu, kasi ikarudi. Doa tu! Idara ya huyuhuyu Karlin ndiyo iliyowapima watu kujua vitufe vya simu vipangwe vipi, na simu za vitufe za Bell zilipotoka mwaka 1963 zilianza na 1 2 3 juu. Kama uko kafe sasa hivi angalia kibodi yako upande wa kulia, halafu angalia simu yako. Kwenye kibodi juu ni 7 8 9, kwenye simu juu ni 1 2 3. Si bahati mbaya, kuna watu walikaa wakapima.

MTU WA SUTI ZA KAHAWIA

Dreyfuss kama mtu alikuwa na vituko vyake. Alivaa suti za kahawia tu, miaka nenda rudi. Alikuwa pia na kipaji cha kuchora juu chini. Yaani mmekaa mezani mnatazamana, yeye anachora akiwa upande wake, lakini mchoro unatokea umekaa sawasawa kwa upande wako wewe mteja. Wengine waliona ni mbwembwe, ila mi naona hata mchoro wenyewe alitaka uanze kwa macho ya mwenzake.

Kingine, hakupenda kubuni kitu ambacho hajakitumia. Yeye na wenzake ofisini waliendesha matrekta, walimwaga mbolea ya samadi shambani, walisafisha mazulia kwa mashine, walishona kwa cherehani, waliingia ndani ya vifaru vya kijeshi, walivaa vifaa vya kusaidia kusikia. Bosi mzima wa New York yuko shambani na samadi!

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1930 alimwoa Doris Marks, na huyo mama ndiye aliyeshika upande wa biashara wa ofisi. Mume anachora, mke anahakikisha mikataba na hela viko sawa. Walipata watoto 3. Ofisi yao haikuchukua wateja wengi, iliwachukua wachache na kukaa nao miaka mingi.

Kazi zao ukizihesabu zimeenea kila mahali. Mwaka 1936 kifyonza vumbi cha Hoover. Mwaka 1938 treni ya 20th Century Limited iliyokuwa ikitoka New York kwenda Chicago, ambayo ofisi ya Dreyfuss iliishughulikia kuanzia kichwa cha treni mpaka vyombo vya kulia chakula. Mwaka 1953 kile kidude cha mviringo cha Honeywell kinachokaa ukutani kurekebisha joto la nyumba kwenye nchi za baridi. Kwa nini mviringo? Vya zamani vilikuwa na pembe nne, na fundi akikifunga vibaya kidogo tu kinaonekana kimepinda ukutani maisha yako yote. Duara halipindi. Fundi hata akikosea, hakuna atakayejua. Umeona hiyo akili? Badala ya kumgombeza fundi, kaliondoa kosa lenyewe.

KITI CHA MKULIMA

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya matrekta ya John Deere. Alianza nao mwaka 1937, na matrekta ya kwanza yaliyopita mikononi mwake, Model A na Model B mpya, yakatoka kwa ajili ya mwaka 1938. Lakini kazi kubwa ilikuja mwaka 1960, kampuni ilipozindua matrekta mapya kabisa kule Dallas. Kwa miaka mingi kiti cha trekta kilikuwa sahani ya chuma tu. Mkulima anakaa juu ya sahani ile kutwa nzima, anatikiswa, jioni mgongo hauna hali. Kila mtu aliona ndo ukulima ulivyo.

Ofisi ya Dreyfuss ikafanya kazi na Dk. Janet Travell, daktari bingwa wa maumivu ya misuli, yuleyule aliyekuja kuwa daktari wa Rais Kennedy pale Ikulu ya Marekani mwaka 1961. Wakatengeneza kiti kinachobeba mgongo na kinachosogezwa kufuata urefu wa mtu. Daktari wa rais kahangaikia makalio ya mkulima, jamani! Mimi nimekulia kwenye watu wa jembe na najua mgongo wa mkulima unavyolia, kwa hiyo hapa sina utani.

JOE NA JOSEPHINE

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ofisi yake ilikuwa inashughulikia sehemu ya ndani ya kifaru cha jeshi. Walibandika ukutani mchoro mkubwa wa dereva wa kifaru, saizi ya mtu mzima, na kila walipopata kipimo mahali fulani wakakiandika juu yake: urefu wa mkono, upana wa bega, mguu unafika wapi. Siku moja wakashtuka kwamba wamekusanya vipimo vya mwili mzima wa Mmarekani wa kawaida. Mwanaume wakampa jina Joe, na mwanamke akaitwa Josephine. Dreyfuss akawatambulisha kwa dunia kwenye kitabu chake cha mwaka 1955, Designing for People, na mwaka 1960 akatoa mkusanyiko mzima wa vipimo, The Measure of Man. Fundi wa michoro hiyo alikuwa Alvin Tilley.

Hapa lazima niwe mkweli, maana nikimsifia tu mtasema nimelipwa. Joe na Josephine walikuwa Wamarekani, na sehemu kubwa ya vipimo vile ilitoka jeshini. Joe hakuwa babu yangu, na Josephine hakuwa mama muuza mbogamboga wa mtaani kwetu. Ukipima wanajeshi wa nchi moja halafu ukatengeneza viti vya dunia nzima, kuna watu miguu yao itaning'inia. Dreyfuss mwenyewe alijua hatari ya kufuata mtu wa wastani, ndiyo maana michoro yake ilikuwa na vipimo vya wadogo sana na wakubwa sana pia. Alisisitiza hata kwamba hawa wawili wana woga wao na mambo yanayowaudhi, si miili mitupu. Lakini swali la nani kapimwa na nani hakupimwa halijaisha mpaka leo. Ile fomu ya chuo, nina hakika aliyeitengeneza alijipima yeye mwenyewe tu: kijana mwenye macho mazuri anayejua kompyuta.

SUNGURA NA KOBE

Uzeeni Dreyfuss alihangaika na jambo jingine: alama. Aliona mashine zinasafiri nchi kwa nchi lakini maandishi yake hayasomeki kila mahali. Ofisi yake ilikuwa imeshafanya kazi ya alama za mashine za kilimo, na ukipanda trekta leo unaweza kukuta kwenye mkono wa mwendo kuna picha ya sungura na picha ya kobe. Sungura ni haraka, kobe ni taratibu. Nilipoona hivyo nilicheka peke yangu, maana sisi hadithi za sungura na kobe tumelishwa tangu utotoni. Dereva asiyejua kusoma hata neno moja anaelewa palepale.

Mwaka 1965 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wabunifu wa bidhaa wa Marekani, IDSA. Mwaka 1969 alistaafu ofisini, lakini hakupumzika. Yeye na Doris waliendelea kukusanya alama kutoka kila pembe ya dunia, wakapata kama 20,000, na mwaka 1972 kikatoka kitabu chake cha alama, Symbol Sourcebook.

Mwaka huohuo ndipo mambo yalipoishia. Doris alikuwa anaumwa sana saratani. Tarehe 5 Oktoba 1972, huko California, mume na mke walijitoa uhai pamoja. Henry alikuwa na miaka 68. Sina la kuongeza hapo. Ni huzuni tu, na naomba kwenye maoni tuwape heshima yao. Na kama kuna mdau anapitia kipindi kigumu, tafadhali usikae nalo peke yako, ongea na mtu unayemwamini.

TURUDI KWA MZEE

Dreyfuss hakuwahi kuiona kafe ya intaneti. Lakini alikuwa na kipimo chake, nitakieleza kwa maneno yangu: pale kitu kinapogusana na mtu, kama panatokea msuguano, basi mbunifu ndiye aliyeshindwa. Na kama mtu ametoka pale salama zaidi, kastarehe zaidi, au kafurahi tu, mbunifu kafaulu. Kwa kipimo hicho, yule mzee hakukosea kitu. Kitufe cha kufuta hakikutakiwa kukaa pale, na kama lazima kikae, kilitakiwa kiulize kwanza.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Wiki ile baada ya mzee kuondoka, akaja dada mmoja na fomu ya aina ileile, akaniomba mimi mtaalamu nimjazie. Nikajaza fasta fasta, kwa mbwembwe. Nikafika chini. Nikabonyeza cha kufuta.

Hakuna aliyecheka safari hii, na dada wa watu hakunilaumu, alisema tu hizi mashine zina matatizo. Mzee akikosea ni mshamba, mimi nikikosea ni mashine! Jioni nilichukua kipande cha karatasi nikaandika kwamba kitufe cha kulia kinafuta kila kitu, nikakibandika kwa gundi chini ya skrini ya kila kompyuta mle ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa tandiko langu la mpira. Tangu siku ile sikumbuki mteja mwingine aliyepoteza fomu kwa namna ile, na iligharimu karatasi 1.

Kwa hiyo wadau, mtu mzima akikwama mbele yako kwenye mashine ya kutolea hela, kwenye simu au hapo kafe, usicheke. Angalia kwanza kile anachokishika. Na ninyi mnaosomea kutengeneza programu na tovuti, kabla hamjazitoa nendeni mkasimame mlangoni siku 3 kama Dreyfuss.

Mzee wangu, kama kwa bahati unasoma hapa au binti yako anakusomea, shikamoo. Naomba radhi mimi. Hela yako ya ile saa bado ninayo, njoo uichukue.

Wengine karibuni kwenye maoni: taja kitu kimoja kilichowahi kukufanya ujione mjinga, kumbe kilitengenezwa vibaya. Naomba kuwasilisha.